Mkuu Naye Huvunjika Guu

Katika miaka yote niliyofundisha, na hasa ile niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, methali niliyoitumia kuliko nyingine zote ni ile isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliitamka mstarini asubuhi, niliitamka katika vikao vya nidhamu, na mara nyingine niliiandika ubaoni. Wanachuo walicheka chinichini, maana mkuu mwenyewe nilikuwa mimi. Leo ni mzee wa miaka sabini na kitu, ninaishi hapa Mkiwa, penye njia panda ambapo barabara ya Itigi na Rungwa inaiacha ile kubwa iendayo Singida, na sina budi kukiri kwamba guu lililovunjika lilikuwa langu. Mfupa haukuvunjika. Kisigino kiliuma, kikatibiwa, kikapoa, kikauma tena. Jambo hilo lilijirudia mara tatu katika muda wa miaka tisa, na mara mbili za kwanza nilikwisha kutangaza kwamba nimepona.

Ninaandika insha hii kwa hasira kidogo, na msomaji anivumilie. Hasira yangu si juu ya maradhi, maana maradhi hayana adabu wala hayakwenda shule. Hasira yangu ni juu ya imani moja iliyotuenea wote, wagonjwa kwa waganga, wasomi kwa wasiosoma, kwamba maumivu yakiisha tiba nayo imekwisha. Nasema imani hiyo ni ya uongo. Imewarudisha hospitalini watu ambao hawakupaswa kurudi, na mmoja wao, rafiki yangu, imempeleka kaburini.

Nianze na langu. Mwaka 2008 nilianza kusikia kama msumari chini ya kisigino cha kulia. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga mwiba. Hatua ya kumi ilikuwa nafuu. Saa nne, baada ya kusimama darasani, msumari ulirudi. Nilikwenda kutibiwa, nikapigwa picha, nikaambiwa mfupa umeota, nikachomwa sindano kisiginoni. Sindano ile iliuma kuliko ugonjwa, lakini baada ya juma moja nilitembea kama kijana. Nilirudi chuoni na viatu vyangu vilevile vyeusi, soli nyembamba kama kadibodi, nikasimama juu ya sakafu ileile ya saruji kwa saa zilezile. Miezi mitano baadaye msumari ukarudi. Sikurudi kwa daktari, maana niliona haya. Nilichechemea mpaka ukapungua wenyewe.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2012. Nilikwisha kustaafu, nimerudi nyumbani kulima alizeti, na kutwa nzima nilivaa ndala. Safari hii nilijitibu mwenyewe. Nilinunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, nikavimeza asubuhi na jioni kwa miezi miwili, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto na presha ikapanda. Kisigino kilinyamaza, nami nikamshukuru Mungu na mwenye duka.

Mara ya tatu, mwaka 2017, nilikutana na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Umri wake ulikuwa kama wa wajukuu zangu wakubwa. Aliniamkia, akanikaribisha kiti, kisha akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: "Babu, naomba nione viatu vyako." Nilimpa kiatu kimoja. Alikishika kisigino na ncha, akakikunja katikati kama mtu akunjavyo chapati. Kikakunjika. Akanionyesha soli iliyoliwa upande mmoja. Kisha akaniuliza nimekuwa na maumivu haya tangu lini. Nikamjibu kwamba haya ni mapya, yale ya kwanza yalipona. Akatabasamu. "Hayakupona, babu. Yalinyamazishwa."

Nilikaa darasani miaka mingi kuliko umri wa binti yule, na sikumbuki kama niliwahi kufundisha sentensi fupi yenye maana kubwa namna ile.

Alinieleza hivi, nami namweleza msomaji kama nilivyoelewa. Chini ya unyayo kuna utando mnene, mgumu kama mkanda, utokao kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Kazi yake ni kulishika tao la wayo lisilale. Kila hatua unavutwa. Mtu anaposimama sana juu ya kitu kigumu, anaponenepa, au kano la nyuma ya kifundo likikaza mpaka mguu haukunjiki vizuri kwenda mbele, mkanda ule unavutwa kupita kiasi pale ulipojishika kisiginoni. Usiku mguu ukipumzika, unajikunyata. Asubuhi hatua ya kwanza inauvuta ghafla, na ndiyo maana hatua ile inauma kuliko zote. Ule mfupa ulioota, ambao wengi wetu tumetishwa nao, mara nyingi hauna hatia. Wako watu wengi wenye mfupa ulioota ambao hawana maumivu yoyote.

Sasa msomaji atafakari pamoja nami. Ikiwa chanzo ni mvuto wa kila siku, sindano ya siku moja itafanya nini? Itatuliza. Mwaka 2017 huohuo yalichapishwa majumuisho ya majaribio mengi yaliyofanywa duniani kuhusu sindano hizi za kisigino, na yakaonyesha kwamba nafuu yake ni ndogo na inakaa kama mwezi mmoja tu. Baada ya hapo haionekani tena. Simlaumu anayechoma. Mtu mwenye maumivu makali anastahili kupewa nafuu. Ninamlaumu anayechoma kisha akasema, "Nenda, umepona." Alipaswa kusema, "Nimekupa mwezi mmoja wa utulivu, uutumie kufanya kazi." Maneno hayo hayana gharama yoyote katika bajeti ya serikali.

Kazi yenyewe ni ipi? Binti alinifundisha, nami nilikuja kujua baadaye kwamba njia yake ilikwisha kupimwa. Marekani, mwaka 2003, watafiti waliwalinganisha wagonjwa waliokuwa wakinyoosha unyayo wenyewe na wale waliokuwa wakinyoosha kano la nyuma tu. Baada ya majuma manane wale wa kwanza walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Namna yake ni hii. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole na uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka uone unyayo umekaza kama kamba ya ngoma. Hesabu mpaka kumi, achia. Fanya hivyo mara kumi. Rudia mchana na jioni.

Maumivu yakipungua, na hapa ndipo wengi wetu tunapoacha, ndipo kazi ya pili inapoanza. Denmaki, mwaka 2015, walijaribu zoezi la kuimarisha. Unakunja taulo, au kanga, unaiweka chini ya vidole ili vielekee juu, unasimama juu ya ngazi na kuinua kisigino polepole kwa hesabu ya tatu, unatulia hesabu mbili, unashuka hesabu tatu. Linafanywa siku moja, siku moja unapumzika. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa wamepata nafuu kuliko waliokuwa wakinyoosha tu. Ingawa ilipofika mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Naitaja hiyo ya mwisho kwa makusudi, ili nisionekane nauza dawa. Wagonjwa wengi wa kisigino hupata nafuu bila kisu, lakini huchukua miezi, na wengine mwaka. Muujiza haupo. Kilichopo ni dakika kumi za kila siku, nazo ndizo tunazozikataa.

Kwa nini tunazikataa? Jibu nililipata Sukamahela.

Sukamahela iko katika wilaya ya Manyoni, mkoani kwetu. Ni makazi yanayojulikana kwa kuwatunza watu walioathirika na ukoma na wazee wasio na wa kuwatunza. Nilipata kufika huko kuwasalimu, nikakaa chini ya mti na mzee mmoja aliyekwisha kupona ukoma zamani. Vidudu vya ukoma vilikwisha kufa mwilini mwake, lakini ganzi ilibaki nyayoni. Alikuwa na karai la maji. Aliiloweka miguu, akasugua ngozi ngumu kwa jiwe, akapaka mafuta ya kupikia, kisha akauinua unyayo mmoja na kuuchungulia kwa kipande cha kioo, polepole, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akafanya hivyo kwa wa pili. Nikamwuliza anafanya mara ngapi kwa juma. Alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu, kila siku. Mimi mguu wangu hauniambii kitu. Ni lazima niuulize."

Daktari Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alitumia miaka mingi kuuonyesha ulimwengu kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havianguki vyenyewe. Vinaharibika kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii, kwa sababu hana maumivu ya kumwonya. Alifariki mwaka 2003, naye aliyaita maumivu kuwa ni zawadi. Mzee wa Sukamahela hakuwa na zawadi hiyo, kwa hiyo aliweka juhudi mahali pake. Sisi tuliojaliwa zawadi tunaitupa. Mguu wetu unatuambia kila asubuhi, nasi tunaununulia vidonge ili unyamaze.

Na sasa nije kwa rafiki yangu. Sitalitaja jina lake wala hospitali aliyotibiwa. Alikuwa mwalimu mwenzangu, fundi wa hesabu, mtu wa mizaha. Alikuwa na kisukari. Aliota sugu chini ya kidole gumba, sugu ikawa kidonda. Alisafishwa na kufungwa kidonda kwa majuma mengi, mpaka kikafunga. Siku alipomaliza aliambiwa hongera, akapewa kadi, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba mahali palipofunga pana udhaifu, kwamba ni lazima apachunguze kila siku, kwamba viatu vyake vya plastiki ndivyo vilivyomletea sugu. Akavivaa tena. Kidonda kilirudi palepale. Kilikatwa kidole, kisha mguu chini ya goti. Tulimzika mwaka uliofuata.

Wataalamu wamekadiria kwamba katika kila wagonjwa 10 wa kisukari ambao vidonda vyao vya miguu vimepona, 4 hivi hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja. Anayejua hilo hawezi kumwaga mgonjwa mlangoni kwa hongera tu. Wala mtu asiniambie kwamba elimu hii haijafika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliendesha mpango wa Hatua kwa Hatua, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kuitunza miguu ya wenye kisukari. Elimu ipo. Kinachokosekana ni zile dakika tano za kukaa na mgonjwa aliyepona.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekaa nayo barazani.

La kwanza: "Babu zetu walitembea peku na hawakuumwa." Walitembea peku tangu utotoni, juu ya udongo na mchanga, na wengi wao walikuwa wembamba. Hawakusimama saa nane juu ya saruji. Na nani alisema hawakuumwa? Waliumwa, wakaita uzee. Wanaopenda mfano wa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Roma mwaka 1960 bila viatu, wakumbuke kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alishinda akiwa amevaa viatu, na mwaka 1968 kule Mexico alianza mbio akiwa na mguu ulioumia, akajitoa kabla ya kufika nusu.

La pili linatokana na mbio hizohizo za Mexico. Ndizo ambazo John Stephen Akhwari wetu alianguka, akaumia, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Taifa linamheshimu, nami namheshimu. Lakini tumelichukua funzo lake vibaya. Ule ulikuwa ushujaa wa siku moja, mbele ya nchi yake. Mwalimu anayechechemea miaka mitano kwa sababu ameona haya kuomba kiti hamalizi mbio yoyote.

La tatu: "Sisi maskini, viatu bora tutavipata wapi?" Hili nalipokea kwa heshima, lakini silikubali lote. Kiatu kizuri si lazima kiwe cha bei. Katika mitumba ya mnadani utavikuta vingi. Kishike kama alivyofanya yule binti: kikikunjika katikati, kiache, kikikunjika penye vidole tu, kitazame tena. Kibonyeze nyuma, kisigino chake kiwe imara. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kanunue alasiri, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa kazi ya siku. Hata katambuga za tairi, fundi akizitia mpira laini ndani na mkanda wa nyuma, zinazishinda ndala, ambazo vidole hulazimika kuzikamata kila hatua zisichomoke.

Na hapa ndipo ninapojishtaki mwenyewe. Nikiwa mkuu wa chuo, sharti la viatu lilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, na nilisimama getini kulisimamia. Mwanachuo mmoja alikuja siku ya kwenda mazoezi ya kufundisha akiwa amevaa raba. Alisema miguu inamuuma. Nilimrudisha bwenini. Aliazima viatu vyeusi vya mwenzake, vidogo kwake, akaenda navyo kufundisha kwa majuma kadhaa. Aliporudi alikuwa anachechemea. Nilimwona, nikapita. Nilikuwa na haki ya kanuni, yeye alikuwa na haki ya mguu wake, na mimi ndiye niliyekuwa na fimbo. Hatujaonana tena. Kama ameshika kitabu hiki, namwomba radhi.

Mwalimu aliyesimama kutwa tulimwita mchapakazi, na aliyekaa tulimwita mvivu. Viti vya walimu madarasani tuliviondoa, ili wasikae. Tulifundisha saikolojia ya mtoto, tukafundisha falsafa ya elimu, na hatukumfundisha mwalimu hata siku moja kwamba atasimama miaka thelathini juu ya nyayo mbili ambazo hapewi nyingine. Hata methali ya ufa na ukuta tuliikaririsha kama swali la mtihani, na nyufa tuliziacha.

Basi nadai mambo machache, na nayadai kwa sauti ya mkuu. Nadai kwamba asitolewe hospitalini mgonjwa yeyote wa mguu bila kuambiwa kwa maneno, na kuonyeshwa kwa vitendo, atakachofanya kesho asubuhi. Nadai kila daktari atazame viatu kabla ya kuandika dawa. Nadai kila darasa liwe na kiti cha mwalimu, na kila shule iruhusu kiatu kinachomfaa mvaaji. Kwa mgonjwa nadai zaidi. Usiache mazoezi siku maumivu yanapokwisha. Siku hiyo ndiyo ya kuanza kuyahesabu. Usirudie mwendo wako wote kwa siku moja; ongeza kidogo kidogo. Punguza uzito kama umezidi. Usikanyage sakafu peku asubuhi. Na ukiona ganzi, kidonda, uvimbe wenye joto, au maumivu yanayokuamsha usiku, usinisikilize mimi, nenda hospitali.

Tangu mwaka 2018 hadi leo ninapoandika, kisigino changu hakijaniuma tena kwa namna ile. Sisemi nimepona. Neno hilo nimeliacha. Kila asubuhi, kabla malori ya kwenda Singida hayajaanza kunguruma njia panda, ninakaa kitandani, ninauweka mguu juu ya goti, ninavuta vidole, ninahesabu mpaka kumi. Mke wangu zamani alikuwa akicheka. Siku hizi anahesabu pamoja nami, maana chake nacho kilianza mwaka juzi.